Mimba ya Brandi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifutia madirisha, shauri yako. Lakini leo nina huruma kidogo, nitakushika mkono mpaka pale tulipofika.

Mimi ni fundi keki. Naokea nyumbani, keki za harusi hasa, zile nzito zenye zabibu kavu zilizolowekwa kwenye brandi. Ndiyo maana kwa miaka mingi brandi iliingia jikoni kwangu mchana kweupe, na aliyenibebea kreti kutoka dukani ni mume wangu mwenyewe, huku anapiga mluzi. Zabibu zilipata vijiko viwili vitatu. Iliyobaki niliimaliza mimi. Maharusi wa mji huu wamekula keki kavu kama tofali na wakanishukuru, kwa sababu aliyelowekwa alikuwa fundi.

Basi nikaanguka jikoni, nikazindukia zahanati, daktari akafunga mlango na kuniambia ini langu limechoka kunivumilia. Nikaacha. Nyumbani nikasema ni uchovu wa kazi. Na wiki iliyopita niliwaacha pale wifi yangu aliponikuta asubuhi nimekumbatia ndoo, natapika mpaka machozi, naye badala ya kuniletea maji akatupa mkoba chini na kupiga vigelegele.

Wengine mmemwandikia mhariri mkiuliza ni mwanamke gani mwenye akili timamu anakunywa brandi ya keki. Nawajua nyinyi. Mnakunywa ya baa, mnarudi nyumbani mmebebwa, asubuhi mnatafuta kiatu kimoja, na bado mnajiona mna akili.

Tuendelee.

"Tumepata!" wifi akapiga kelele. "Jamani, tumepata!"

"Mmepata nini?" nikauliza, kichwa bado kiko kwenye ndoo.

"Wifi, usinifiche mimi. Asubuhi unatapika. Mchana unalala kama gogo. Juzi nimekukuta unalamba sukari kiganjani. Na brandi yako yote umeimwaga kwenye sinki, harufu inakuchefua. Hiyo kama si mimba ni nini?"

Hebu niambieni nyinyi wenye akili, ningemjibu nini? Kila alichokitaja kilikuwa kweli. Mwili uliozoeshwa pombe ukinyimwa unagoma. Unatapika, unatoka jasho, mikono inatetemeka, usiku macho makavu, mchana usingizi. Sukari unaitaka kwa sababu pombe ilikuwa inakulisha sukari bila wewe kujua. Hayo yote daktari alinieleza, akanipa na vidonge. Kwamba dalili za mlevi anayeacha na dalili za mjamzito anayeanza ni zile zile, hilo hakunieleza.

"Si mimba," nikasema.

"Wote husema hivyo mwanzoni!"

"Ni tumbo tu limevurugika."

"Litaachaje kuvurugika na limepata mgeni!" Akaokota mkoba, na simu ilikuwa sikioni tayari.

Wifi yangu huyu ukoo mzima unamwita Redio. Wanaionea redio bure, maana redio ina kitufe cha kuzimia. Kabla sijasukutua mdomo, shangazi zake wote walikuwa wanajua. Kabla sijaosha ndoo, mume wangu, ambaye anafundisha watu kuendesha magari, alikuwa amemshusha mwanafunzi kando ya barabara na yuko njiani kuja.

Mnielewe. Tulikuwa na miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto. Kila walipokutana, ndugu walinisalimia tumbo kwanza, uso baadaye. Mume wangu hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hilo nalo lilikuwa linaniudhi, kwa sababu mtu asiyekulaumu huna pa kumjibu.

Alinikumbatia mlangoni. Alikuwa analia.

Nami, mwanamke ninayejua kumjibu mtu yeyote, nikampangusa machozi kwa aproni.

Jioni yake akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mji huu amewapokea yeye, na hawaachi wasahau. Wanaume wenye ndevu wakikutana naye barabarani wanainamisha macho, maana aliwaona kabla hawajavaa suruali. Mimi na yeye hatukuwahi kupatana. Nilimwona mwanamke mkavu, mjuaji, anayeingia nyumba ya mtu na kuanza kufunua masufuria. Heshima yangu kwake ilikuwa ya mdomoni tu.

Akaketi mbele yangu. Akanivuta kope la chini, akaangalia jicho. Akanishika mikono yote miwili. Ikatetemeka ndani ya mikono yake, naye akaishikilia kwa muda mrefu. Akaniangalia usoni. Nikaangalia sakafu.

"Mama, vipi?" Redio akauliza.

"Ni yenyewe," mama mkwe akasema.

Vigelegele tena.

"Basi kesho nimpeleke akapime," mume wangu akasema.

"Apime nini? Nimezalisha mji mzima, leo nikasahihishwe na kikaratasi cha mkojo? Hapimwi mtu hapa." Akasimama. "Na mnisikilize wote. Akitapika, asiulizwe. Akilala, aachwe. Akilia, asitaniwe. Akitaka kitu kitamu, apewe. Akiwa mkali, nyamazeni. Na kama kuna chupa ya keki imebaki nyumba hii, iondoke leo hii. Mjamzito havumilii harufu."

Lo! Nilivyomdharau siku ile! Mkunga mzima, amezeekea wodini, anashindwa kutofautisha mimba na ulevi. Nikajiuliza ni watoto wangapi wa mji huu aliwapokea kwa kubahatisha.

Amri zake hata hivyo nilizifaidi, sisemi uongo. Nilitapika bila kujieleza. Nililala mchana bila kuitwa mvivu. Nililia kwa sababu ya yai lililopasuka mkononi, mimi ninayepasua trei nzima kwa asubuhi moja, na Redio akanifuta machozi na kuniambia ndivyo mimba zilivyo. Nikamtukana mtu aliyeniletea gesi, matusi ya nguoni, na mume wangu akamfuata mpaka getini kumwomba radhi na kumweleza hali yangu. Yule bwana akarudi kunipa hongera.

Polepole mwili ukaanza kunirudia. Uvimbe wa uso ukashuka, nikaona mashavu yangu ambayo nilishayasahau.

"Anang'aa!" wakasema. "Huyo ni mtoto wa kike."

Usingizi ulichelewa. Ulipokuja ulikuja na ndoto, naota nakunywa, nashtuka, najinusa kiganja kuhakikisha ilikuwa ndoto. Akili nayo ikaanza kuniletea mambo niliyosema nikiwa nimelewa, moja moja, kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima. Sikuwa nimeyaomba.

Ulimi ukarudi pia. Asubuhi moja nikakata kipande cha keki yangu, nikaonja. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kuonja kitu kwa ulimi usiolewa. Nikaitema kwenye sinki. Keki mbaya! Sukari imezidi, katikati imekauka, zabibu ngumu kama kokoto. Na hiyo ndiyo keki ambayo watu waliipiga picha, wakaililia, wakaniita malkia. Tangu siku hiyo sifa za watu wa mji huu sizitaki hata bure.

Shida ilikuwa mikono. Nilipokuwa nimelewa niliandika majina ya maharusi kwa krimu, mstari umenyooka. Sasa nina akili timamu, naandika kama kuku kapita. Mama wa bibi harusi mmoja akasimama mbele ya keki yake, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

"Hapa umeandika nini?"

"Jina la mwanao."

"Hilo?"

"Ndilo."

"Mbona zamani ulikuwa unaandika vizuri? Nini kimekupata?"

Nimepata nafuu, nilitaka kumwambia. Lakini Redio alikuwepo, na Redio akiwepo hujibu yeye.

"Ana mimba!"

Mama yule akageuka asali. Akaichukua keki na mwandiko wake, akanishika tumbo, akaniombea. Nikasema amina. Ndiyo, nilisema amina, na nyinyi mngesema.

Aliyenishinda ni mume wangu.

Nyuma ya jiko kuna chumba kidogo, stoo ya vifaa vyangu. Siku moja nikarudi kutoka kununua unga nikakuta kila kitu kimetolewa nje, na yeye yumo ndani, suruali imejaa madoa, anapaka ukuta rangi ya njano. Nyuma ya rafu alikuwa amezikuta chupa tupu nilizozificha. Nyingi mno. Alikuwa amezitoa zote na kuzipanga barazani kwa mstari ulionyooka, kama anavyopanga vile vikoni vyake vya plastiki vya kufundishia watu kurudi nyuma.

Nikautua unga chini. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha, na afadhali yamekwisha.

Akatoka na brashi mkononi, akazitazama chupa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Mke wangu," akasema, "keki zinakunywa hizi!"

Nikamkazia macho. Ananitania? Hakuwa ananitania.

"Zinakunywa," nikasema.

"Na bado watu wanasema ni kavu."

"Watu hawaridhiki."

"Pole. Kazi yako ngumu." Akarudi kupaka rangi, akiimba.

Mwanaume huyu anaishi kwa kuona. Kioo cha kati, kioo cha pembeni, mtoto anayetaka kuvuka, mwenye baiskeli asiye na akili, vyote anaviona kabla havijatokea. Mkewe aliyelala naye kitanda kimoja hakumwona. Nilitaka kumcheka. Nilitaka kumchapa na ile brashi yake. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu tangu anioe sikuwahi kumsikia akiimba peke yake namna ile.

Nikaingia stoo. "Kuna jambo nataka kukuambia."

"Unaogopa," akasema bila kugeuka. "Najua. Hata mimi naogopa." Akapiga magoti kumalizia kona ya chini. "Lakini Mungu katukumbuka. Mimi nilishakata tamaa, sikukwambia tu."

Nikaondoka pale, nikaenda kuwasha oveni isiyo na kitu ndani. Kiu iliyonishika saa ile sijawahi kuiona. Daktari alinionya. Aliniambia watu hudhani kiu hurudi siku ya shida, kumbe hurudi zaidi siku ya aibu. Nikanywa maji, nikalamba sukari, nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi, mpaka ikapita.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakumjua Redio. Mimi nilikuwa nimeficha vizuri kabisa, na ukoo mzima ulikuwa unanizalisha kwa nguvu.

Jumapili Redio akaita ndugu waje kunipongeza. Na keki aoke nani? Mimi. Nikasimama jikoni kwangu nikiandika KARIBU MTOTO kwa mkono unaotetemeka, juu ya keki ya mtoto asiyekuwepo. Kama yupo msomaji amewahi kujidharau zaidi ya hapo, amwandikie mhariri.

Sebule ikajaa. Mashangazi, binamu, majirani, na wengine ambao mpaka leo sijui ni ndugu zetu kwa upande gani. Kila aliyeingia alinigusa tumbo. Mama mkwe alikaa kwenye kona na kikapu chake miguuni, macho hayanibanduki.

Nilikuwa nakata keki shangazi mkubwa wa mume wangu aliponishika kiwiko.

"Mbona mikono inatetemeka hivi? Huyu damu imempungua."

"Damu!" Redio akaruka. "Na dawa ya damu si ipo humu humu? Mama, toa ile chupa yako."

Chupa hiyo kila mtu anaijua. Mama mkwe alipungukiwa damu alipostaafu, ndivyo tulivyoambiwa, na tangu hapo anatembea na dawa yake ya kuongeza damu kwenye kikapu, nyeusi, nzito. Anakunywa kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, bila kukosa. Hakuna aliyewahi kuionja.

"Hii si ya kwake," mama mkwe akasema, akavuta kikapu karibu. "Hii ya wazee."

"Mama! Ni mjukuu wako huyo!"

"Nimesema si ya kwake. Mtampikia mboga za majani."

Nikacheka moyoni. Mchoyo mpaka wa dawa, tena mbele za watu! Hata ndugu zake wakatazamana.

Lakini Redio ndiye Redio. Alishapitisha mkono, akaichomoa chupa, akamimina glasi ikajaa mpaka ukingoni, akairudisha chupa kikapuni. Akaniletea kwa mikono miwili, anacheza, watu wanampigia makofi.

Ilipofika chini ya pua yangu nikajua.

Ilikuwa divai. Divai nzito, tamu, ile inayouzwa duka la dawa na lebo ya kuongeza damu, yenye ulevi wa kumlaza fahali. Mate yakanijaa mdomoni. Ulimi niliokuwa najivunia kwamba umerudi, kumbe ulirudi na njaa yake. Mwili wote ukaanza kunibembeleza. Ni dawa hii. Ni ya mkunga. Wamekulazimisha wao. Nani atakulaumu?

"Kunywa, wifi!"

"Kunywa, mama, upate nguvu!" shangazi akasema.

Mume wangu akanishika bega. "Kunywa, mke wangu. Kwa ajili ya mtoto."

Nikinywa, nimerudi kule kule sakafuni, na daktari alishaniambia safari nyingine sitazinduka. Nikikataa, wataniuliza kwa nini, na kwa nini hiyo ina jibu moja tu, na jibu hilo litakiua kile chumba cha njano mbele ya macho ya aliyekipaka. Nikawatazama wote na meno yao nje. Nikawachukia mmoja mmoja. Nikanyanyua glasi.

Ukingo ukagusa mdomo.

Kofi likaipiga. Glasi ikaruka, ikatua katikati ya keki, divai ikasambaa juu ya krimu nyeupe mpaka maandishi yakapotea. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, mkono bado uko juu.

"Tokeni nje," akasema.

"Mama?"

"Wote. Nataka kumwangalia mgonjwa wangu." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe toka."

"Mama, ana nini? Mtoto ana nini?"

"Nimesema toka!"

Ilikuwa sauti ya wodini. Hata wanaume wakabanana mlangoni kutoka. Redio alitaka kubaki, akasukumwa. Mama mkwe akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta na pazia.

Nikasema, leo ni leo. Bora niseme mwenyewe kuliko kusemewa.

"Mama, mimi sina mimba."

"Najua."

"Nilikuwa nakunywa. Ile brandi ya keki nilikuwa..."

"Najua." Akaketi, ghafla amezeeka. "Wewe unadhani mkunga hajui mimba? Nilijua siku ile ile nilipokushika mikono. Mjamzito hatetemeki vile. Anayetetemeka vile ni mlevi anayeacha."

"Sasa kwa nini uliwaambia..."

"Kwa sababu mjamzito anaruhusiwa kutapika. Anaruhusiwa kulala, kulia, kuwatukana watu, na kila mtu anamletea mto. Mlevi akitapika anafungiwa nje. Ungeachaje, na Redio yumo humu ndani? Nilikutafutia pa kujificha mpaka mwili ushike. Nilidhani itachukua siku chache, kisha tuwaambie tulikosea. Sikujua kama mwanangu atanunua rangi."

Nikakaa chini palepale sakafuni. Zile amri zote. Asiulizwe, aachwe, apewe kitu kitamu, chupa ziondoke. Wakati ule nilimwona mjuaji anayejikweza, kumbe alikuwa ananiuguza mchana kweupe mbele ya ukoo mzima. Na mimi wiki zote hizo nilikuwa nampa majina mabaya kichwani, nikamwita kipofu, nikamwita mchoyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mama," nikasema, na safari hii haikuwa ya mdomoni.

Akapuuza kwa mkono.

"Lakini umejuaje?" nikauliza. "Huko kutetemeka kwa anayeacha. Wakunga mnafundishwa?"

Akainama, akaiokota chupa kwenye kikapu. Ilikuwa imebaki nusu. Hakutafuta kikombe. Akaiweka mdomoni, akameza, akameza tena, macho amefumba, mpaka ikalia hewa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

"Nimejaribu mara nyingi," akasema. "Peke yangu, mlango nimefunga hivi hivi. Kila nikifika kwenye kutetemeka nashindwa. Siku ile niliposhika mikono yako nilikuonea wivu, Mungu ananiona." Akanitazama, mwanamke yule aliyezalisha mji mzima, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtoto anayezuia kilio. "Mwanangu, umeachaje?"

Nilikuwa na jibu la kila mtu mji huu. Kwake nilichoweza ni kuitoa ile chupa mkononi mwake na kuiweka chini.

Mlango ukagongwa.

"Mama?" Sauti ya mume wangu ilikuwa ndogo. "Mama, fungueni. Mtoto mzima?"

Mama mkwe akanishika mkono, akasogeza mdomo sikioni kwangu. Harufu ya divai ikanipiga usoni.

"Sikiliza. Nitamwambia imeharibika. Changa huharibika kila siku, na mimi ndiye mkunga, hakuna atakayebisha. Watalia, watakupa pole, yatapita. Wewe unabaki na heshima yako, mimi nabaki na yangu. Halafu polepole unanifundisha."

"Mama, atamlilia mtu ambaye hakuwepo."

"Afadhali amlilie huyo, kuliko kutulilia sisi wawili siku moja."

"Nitamwambia ya kwangu tu. Ya kwako siyasemi."

"Utayasemaje ya kwako? Ukoo mzima umeona nikiipiga glasi kofi. Ukimwambia wewe ni mlevi, atauliza nilikuwa nazuia nini. Atainusa chupa." Akanibana vidole. "Miaka yote hii, huyu mwanangu wa kiume ndiye mtu pekee anayeniona mimi mtu."

"Mama!" Sasa alikuwa anagonga kwa viganja vyote viwili.

Akanitazama kidogo, akaona sijasema ndiyo wala hapana. Akaisukuma chupa chini ya kiti kwa mguu, akajipangusa mdomo, akaenda kuzungusha ufunguo.

Mume wangu akaingia. Nyuma yake nikaona vichwa vya ndugu vimejaa barazani, Redio mbele. Mama mkwe akawafungia nje, akamweka mwanawe kwenye kiti, akamshika mabega kutoka nyuma.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti ya wodini, "mimba imeharibika."

Hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua. Kisha akahisi mikono ya mama yake inavyotetemeka mabegani mwake, akadhani ni uchungu. Akainua mikono yake, akaishika ya mama yake, akaanza kuipapasa.

"Basi, mama," akasema. "Usilie, mama. Si kosa lako."

Mama mkwe akaangalia dari.

Ndipo mume wangu akanigeukia mimi pale sakafuni. Macho yale ya barabarani, yanayoona kitu kabla hakijatokea, kwa mara ya kwanza yalinitua sawasawa usoni.

"Mke wangu," akasema, "nataka kusikia kwako. Ni kweli?"